Ibn Battuta: kijana aliyelia mlangoni mwa Tunis

Ndugu zetu wa Rusizi wanaojiandaa kwenda kusoma Kigali, wengi wao hawana wasiwasi na masomo. Wanachouliza ni mengine: nitakaa na nani, nitaswali wapi, na je, watoto wa mjini watanikubali mimi niliyetoka ng'ambo ya msitu wa Nyungwe? Kwa ajili yao tunamleta Ibn Battuta, Allah amrehemu. Anasifiwa kuwa ni mtu aliyezunguka dunia, lakini safari yake ya kwanza ilimtoa machozi.

Jina lake ni Muhammad bin Abdallah. Alizaliwa Tangier, Morocco, mwaka 1304, katika ukoo wa makadhi. Mwezi wa Juni 1325, akiwa na miaka 21, alitoka nyumbani kwenda Hija na kukaa mbele ya masheikh wa miji mikubwa ya mashariki. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na kuachana nao kulimuuma sana. Alianza safari peke yake. Njiani alishikwa na homa, akadhoofika hata ikabidi ajifunge kwa kilemba chake kwenye tandiko asije akaanguka.

Kisha akafika Tunis, mji mkubwa wa elimu. Wenyeji walitoka kuwalaki wageni. Huyu anakumbatiwa, yule anaulizwa habari za njiani. Ibn Battuta hakujulikana na mtu hata mmoja, wala hakuna aliyemgeukia. Akashindwa kujizuia, akalia mbele za watu. Hujaji mmoja akamwona, akaelewa kinachomliza, akamsogelea na kumtolea salamu, kisha akazungumza naye njia nzima mpaka wakaingia mjini. Masheikh waliolakiwa siku ile majina yao yameandikwa. La hujaji huyo hatulijui.

Akapata chumba katika madrasa ya Kutubiyyin, akaishi miongoni mwa wanafunzi, na Idi ikamkuta huko. Baada ya miezi kama miwili, msafara wa Hija ulipoondoka Tunis, kadhi wa msafara alikuwa ni yeye! Kwa maoni yangu hapa pana funzo kubwa kuliko maajabu yote ya China na India anayosimulia baadaye. Hakubadilika tabia kwa miezi miwili. Alikwenda tu kukaa walipo watu wa elimu, na elimu aliyotoka nayo kwao ikaonekana. (Msafarani humo humo alioa, akagombana na mkwewe, akaacha, akaoa tena na kufanya karamu iliyousimamisha msafara siku nzima. Upweke ulikuwa umekwisha.)

Mwaka 1326 alikuwa Damascus, akisikiliza Sahih Bukhari katika msikiti wa Banu Umayya na kupokea ijaza. Mwaka 1331 akafika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mogadishu, ilipojulikana kwamba mgeni huyu ni mwanafunzi wa fiqhi, kadhi wa mji, mtu mwenye asili ya Misri, alikuja kumpokea pamoja na wanafunzi wake. Akalazwa katika nyumba iliyotengwa kwa ajili ya wanafunzi. Akaletewa wali wa samli wenye kuku, nyama na samaki, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, chakula ambacho hakingemshangaza mtu wa Kamembe. Ijumaa akapewa nguo za kienyeji, na shuka ya hariri ya kujifunga kiunoni badala ya suruali. Akavaa, akaenda msikitini. Kutoka hapo akapita Mombasa, akafika Kilwa.

Si kila mji ulimpokea hivyo. Huko Sinop, katika nchi ya Waturuki, watu walikuwa Wahanafi. Yeye, kwa kuwa alikuwa Maliki, aliswali mikono ameiachia chini. Wakamshuku kuwa ni Rafidhi, maana Marafidhi waliowaona Hijaz na Iraq waliswali hivyo, na walijua kuwa hao hawali sungura. Basi naibu wa sultani akampelekea sungura, na mtumishi wake akakaa kutazama. Ibn Battuta hakuanzisha ugomvi. Sungura akachinjwa, akapikwa, akaliwa, na shaka ikaisha. Swala yake hakuibadilisha.

Maldives mambo yalikwenda vibaya zaidi. Alifanywa kadhi, akataka kuwalazimisha wanawake kuvaa kinyume na mazoea yao, wasimsikilize, na mwisho akaondoka huku amekosana na wakubwa.

Alirudi baada ya miaka zaidi ya 20. Mwaka 1348, akiwa Damascus, alipata habari kwamba baba yake alikuwa amefariki miaka 15 nyuma. Mwaka uliofuata, kabla hajafika Tangier, akaambiwa kuwa mama naye amekufa kwa tauni. Alizuru kaburi lake, kisha akasafiri tena, mpaka Mali. Hatimaye sultani wa Fez, Abu Inan, aliamuru habari zake ziandikwe, naye akamsimulia Ibn Juzayy, kazi iliyokamilika mwaka 1355. Miaka 30 ilikuwa imepita, ameshaonana na wafalme wasiohesabika, na siku ile ya Tunis bado aliisimulia, pamoja na machozi yake.