Franco Luambo: aliyemlilia marehemu asiye na kaburi

Huku Masisi na Walikale, familia nyingi ziko na marehemu ambao hazikuweza kuwafanyia matanga. Vita inafika, watu wanakimbia, maiti inabaki nyuma. Sasa, nani atamlilia mtu asiye na kaburi? Maisha ya mwanamuziki Franco Luambo yanatupa jibu moja.

Franco alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 kule Sona-Bata, Bas-Congo, akakulia Léopoldville, Kinshasa ya leo. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alikufa mapema. Mama akabaki anauza mikate sokoni Ngiri-Ngiri, na mtoto anapiga gitaa pembeni ili wateja wasogee. Mwaka 1956, akiwa bado na miaka 17, akaanzisha OK Jazz pamoja na wenzake.

Tarehe 17 Januari 1961, Patrice Emery Lumumba aliuawa Katanga. Maiti yake iliyeyushwa ndani ya asidi, juu wakubwa hawakutaka raia wapate mahali pa kumlilia. Mazishi hayakufanyika. Franco akatunga Liwa ya Emery. Kwa Kilingala ni kusema kifo cha Emery. Ule wimbo ulifanya kazi ya matanga: ulitaja jina la marehemu mbele ya watu.

Mwaka 1970 kifo kikabisha kwake mwenyewe. Mdogo wake Bavon Marie Marie, naye mpiga gitaa, alikufa kwa ajali ya motokari. Mjini watu wakanong'ona eti Franco amemtoa kwa uchawi. Yeye akatunga Kimpa Kisangameni, akamlilia ndugu yake waziwazi.

Si kusema alikuwa malaika. Huyu aliyemlilia Lumumba ndiye aliyemwimbia Mobutu kampeni ya 1984. Na Franco alipokufa kule Namur, Ubelgiji, tarehe 12 Oktoba 1989, Mobutu ndiye alitangaza siku nne za maombolezo ya taifa. Redio zikapiga nyimbo zake, na umati ukajaa Kinshasa kumsindikiza.

Lumumba naye alingoja miaka 61. Tarehe 30 Juni 2022 ndipo jino lake, kile tu kilichobaki, likawekwa kaburini Kinshasa. Muda huo wote wimbo ulikuwapo.

Kwa jamaa ambao bado hawajaona kaburi la mtu wao, hiyo ndiyo kazi ya msanii: kulitaja jina mpaka siku mazishi yatawezekana.