Mwana Aliyemkaidi Babaye Akafunza Heshima

Kila mwaka ninaposahihisha insha za wanafunzi wangu wanaoandaliwa kuwa walimu, methali moja hunirudia kama mgeni asiyechoka kubisha hodi: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kisa nacho huwa kile kile. Kijana hukataa ushauri wa wazazi, hutorokea mjini, huangamia, na insha ikafika tamati. Sijapata kusoma hata moja ambamo kijana alilikataa la mkuu, guu lisivunjike, kisha akarudi kumheshimu mkuu yule yule kuliko hapo awali. Ilhali mtu ambaye mafundisho yake juu ya kuwaheshimu wazazi yamekaririwa na watoto wa Kikristo kwa karibu miaka mia tano alikuwa kijana wa aina hiyo hasa. Namkusudia Martin Luther.

Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483 katika mji wa Eisleben, Ujerumani. Babaye, Hans, alikuwa mwana wa mkulima aliyeingia katika kazi ya shaba, akapanda kwa jasho lake hadi akawa msimamizi wa matanuri ya kuyeyushia madini katika mji wa Mansfeld. Mamaye, Margarethe, alikuwa mwanamke wa kazi ambaye hakuona haya kubeba kuni kutoka msituni. Wazazi hawa walimpenda mwanao kwa mapenzi ya zama zile, na mapenzi ya zama zile yalishika fimbo. Luther mwenyewe alipokuwa mtu mzima alisimulia jinsi mamaye alivyomchapa hadi damu ikamtoka kwa sababu ya kokwa moja tu aliyoichukua. Alisimulia pia kuwa babaye alimchapa siku moja hata akawa anamkimbia, ikambidi mzee ambembeleze mpaka wakazoeana tena.

Shuleni mambo hayakuwa nafuu. Asubuhi moja alichapwa mara kumi na tano kwa kushindwa kunyambua maneno ya Kilatini ambayo hakuwa amefundishwa. Mimi ni mwalimu wa isimu, na kisa hiki hunichoma zaidi ya vingine. Ni nani miongoni mwetu asiyemkumbuka mwalimu aliyemwadhibu mtoto kwa kukosea upatanisho wa ngeli ambazo hakuna aliyewahi kumfafanulia? Hapa Kenya kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Hata hivyo, kuiondoa fimbo mkononi ni jambo moja, na kuiondoa moyoni ni jambo jingine.

Mzee Hans alikuwa na ndoto moja: mwanawe awe mwanasheria, aoe katika ukoo wenye mali, awatunze wazazi uzeeni. Akamlipia masomo katika Chuo Kikuu cha Erfurt tangu mwaka 1501. Mwaka 1505 kijana alipohitimu shahada ya uzamili, inasimuliwa kwamba baba alianza kumwita kwa kiwakilishi cha wingi, ambacho katika Kijerumani cha wakati ule kilikuwa alama ya kumstahi mtu. Sisi tungeliwaza jambo hilo kama mzazi anayemwamkia mwanawe shikamoo.

Heshima hiyo haikudumu miezi mingi. Tarehe 2 Julai 1505, Luther alipokuwa akirejea chuoni kutoka kwa wazazi wake, radi ilipiga karibu naye mahali paitwapo Stotternheim. Kwa hofu ya mauti akamlilia Mtakatifu Anna na kuweka nadhiri ya kuwa mtawa. Siku kumi na tano baadaye alibisha kwenye lango la watawa wa Mtakatifu Augustino mjini Erfurt. Hakumwomba babaye ruhusa. Mzee aliposikia alighadhibika mno, akarudia kumwita mwanawe kwa umoja, kama mtoto mdogo. Baadaye alikubali, lakini kwa kinyongo.

Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Mei 1507, Luther alipoadhimisha misa yake ya kwanza, Hans alifika na wapanda farasi ishirini na kutoa sadaka ya sarafu ishirini za dhahabu. Wageni walidhani yaliyopita yamepita. Kumbe! Walipokaa mezani, kijana akamuuliza babaye kwa upole kwa nini alikuwa amekasirika vile. Mzee aliwageukia wasomi waliokuwapo, akawauliza kama hawajapata kusoma katika Maandiko kwamba mtu awaheshimu baba na mama. Luther alipojitetea kwa sauti iliyotoka mbinguni, mzee alionya kwamba huenda ile radi ilikuwa hila ya shetani. Padri mpya alinyamaza. Baadaye alikiri kwamba maneno yale yalimwingia kuliko maneno mengi aliyopata kuyasikia maishani.

Msomaji mpenzi, ninalisimulia tukio hili kwa sababu nalielewa kwa njia yangu. Marehemu baba yangu naye alitaka niwe wakili. Aliuza ng'ombe wawili nikajiunge na chuo kikuu, nami nikajaza fomu nikachagua Kiswahili na isimu. Alininyamazia mihula miwili mizima. Nilipohitimu shahada ya uzamifu alichinja mbuzi, na watu walipokwisha kula akaniuliza mbele yao kama daktari wa maneno anaweza kulitibu goti lake. Kila mtu alicheka, nami nikacheka. Lakini nilijua kwamba ndani ya mzaha ule mlikuwa na deni.

Luther alilipa deni lake kwa maandishi. Baada ya kutoa hoja zake tisini na tano mwaka 1517, alitengwa na Kanisa la Roma Januari 1521, na mwaka huo huo akatangazwa na Kaizari kuwa mtu asiye na ulinzi wa sheria. Akiwa amefichwa katika ngome ya Wartburg aliandika kitabu juu ya nadhiri za watawa, na mnamo Novemba akakitabaruku kwa babaye. Katika barua ya utangulizi alikiri kwamba mzee alikuwa na haki: nadhiri aliyoiweka bila ridhaa ya wazazi haikuwa na nguvu, na aliyemrudisha nyuma kwa amri ya Mungu alikuwa amesema kweli. Hata hivyo, hakukiri kila kitu. Aliongeza kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyemtoa katika kifungo cha utawa, na kwamba mamlaka ya Kristo yako juu ya mamlaka ya mzazi. Mwana aliomba radhi kwa kosa lake, lakini hakuuza dhamiri yake ili kuinunua radhi hiyo.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Walezi wengi huyachanganya maneno mawili: kuheshimu na kutii. Amri inayozungumziwa, ambayo kwa Waluteri na Wakatoliki ni ya nne na kwa Waanglikana na Wapresbiteri ni ya tano, hutumia kitenzi cha kuheshimu. Katika Kiebrania, kitenzi hicho kinatokana na mzizi wenye maana ya uzito. Kumheshimu mzazi ni kumpa uzito, kutomchukulia kuwa mwepesi kama kapi. Agizo la kutii tunalipata waziwazi katika Waraka kwa Waefeso, na papo hapo akina baba wanaonywa wasiwachokoze watoto wao. Mtoto mdogo hutii kwa kuwa hajui njia. Mtu mzima anaweza kufika mahali asiweze kutii, lakini hafiki kamwe mahali pa kuacha kuheshimu.

Luther aliyaweka haya katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529. Alikuwa amevizuru vijiji vya Saxony na kukuta watu wazima wasiojua hata Sala ya Bwana. Hakuandika kitabu kinene. Aliandika kijitabu ambacho baba au mama angeweza kukitumia mezani, kila amri ikifuatwa na swali fupi la kuuliza maana yake. Kwa amri ya wazazi, alifundisha kwamba kumcha na kumpenda Mungu kunatutaka tusiwadharau wala kuwakasirisha wazazi, bali tuwaheshimu, tuwatumikie, tuwatii na kuwathamini. Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka huo huo alieleza kwamba jirani tumeamriwa kumpenda, lakini mzazi tumeamriwa kumheshimu, na heshima ni kubwa kuliko upendo kwa kuwa ndani yake mna unyenyekevu. Walimu na watazame mbinu hii: mtoto hakutakiwa kukariri tu, alitakiwa aulizwe maana.

Fauka ya hayo, hakuwaachia wazazi uwanja wote. Mwaka 1524 aliandika kwamba wazazi wasiwalazimishe watoto kuoa au kuolewa wala wasiwazuie, nao watoto wasichumbiane bila kuwashirikisha wazazi. Mwaka 1530 aliwakemea wazazi waliowaondoa watoto shuleni ili wawahi kuchuma pesa. Inasimuliwa pia kwamba alifundisha kuwa kando ya fimbo liwekwe tufaha.

Yeye mwenyewe alimwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa wa kike, tarehe 13 Juni 1525. Miongoni mwa sababu alizozitaja ni kumridhisha babaye aliyekuwa na hamu ya wajukuu. Wazazi wake walialikwa katika karamu ya arusi. Mtoto wa kwanza alizaliwa mwaka 1526, akapewa jina la babu yake, Hans.

Mwanzoni mwa mwaka 1530 alipata habari kwamba mzee anaugua. Alimwandikia barua ya kumfariji, akieleza kwamba angalikwenda mwenyewe lau si hatari ya njiani. Mzee alifariki tarehe 29 Mei. Luther alikuwa katika ngome ya Coburg habari zilipomfikia. Alichukua Zaburi yake, akaingia chumbani, akalia hata kesho yake kichwa kikamuuma. Mtu aliyesimama mbele ya Kaizari bila kutetereka alilia kama mtoto kwa ajili ya mchimba shaba.

Singependa msomaji adhani ninamchora malaika. Luther aliipanua amri ya wazazi hata ikawafunika watawala, na wakulima walipoasi mwaka 1525 aliwahimiza wakuu wawapige bila huruma. Waliuawa maelfu kwa maelfu. Mwaka 1543 aliandika juu ya Wayahudi maneno ya chuki ambayo makanisa mengi ya Kilutheri yameyakana hadharani. Waama, funzo hili nalo tulipokee: utiifu ukitenganishwa na haki hugeuka silaha mikononi mwa wenye nguvu. Mwalimu anayewafundisha watoto kutii pasi na kuuliza amwandae pia mtoto anayeambiwa na mkubwa atende au atendewe uovu. Mtoto huyo anapaswa kujua kwamba kukataa si utovu wa adabu.

Luther alifariki tarehe 18 Februari 1546 katika mji ule ule alimozaliwa. Na yule kijana Hans, mjukuu? Alisomea sheria. Kile ambacho babu alikikosa kwa mwana alikipata kwa mjukuu, bila mtu kushurutishwa, ingawa hakuwa hai kukiona.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa walimu wenzangu na wazazi. Msimu wa kuchagua masomo na kozi unapofika, tuwape watoto ushauri wetu wote, tena kwa uzito, lakini tukumbuke kwamba samaki hukunjwa angali mbichi ili apate umbo, wala si ili avunjike. La pili ni kwa wanafunzi. Iwapo mmechagua njia ambayo mzazi hakuitaka, msidhani kwamba mafanikio yenu yatajieleza yenyewe. Nendeni mkaseme naye. Mkubalini palipo na haki yake, mweleze kwa unyenyekevu pale msipoweza kurudi nyuma. Luther alichukua miaka kumi na minne tangu misa ile hadi kuiandika barua yake, na bado alibahatika kumpata babaye hai.

Mimi sikuiandika yangu. Nilikuwa nikingoja likizo ndefu, nije nikae na mzee barazani nimweleze kwa utulivu kazi ya isimu ni nini. Goti lilitangulia, kisha moyo, na likizo ilipofika baraza lilikuwa tupu. Kijana unayesoma gazeti hili, usiingoje likizo.