Homer William Smith

Homer William Smith (Denver, Colorado, 2 Januari 1895 – New York, 25 Machi 1962) alikuwa mwanafiziolojia na mwandishi kutoka Marekani. Anakumbukwa hasa kwa kuonyesha jinsi ya kupima kazi ya figo za mtu aliye hai bila kumpasua, na kwa utafiti wake juu ya kamongo, samaki wa Afrika ya Mashariki mwenye mapafu.

Maisha

Smith alikulia Cripple Creek, mji wa machimbo ya dhahabu katika jimbo la Colorado. Alisoma Chuo Kikuu cha Denver, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1921. Baada ya kufanya utafiti Harvard chini ya Walter Cannon, alifundisha Chuo Kikuu cha Virginia kuanzia mwaka 1925. Mwaka 1928 alihamia Chuo Kikuu cha New York kuwa profesa wa fiziolojia, akabaki huko hadi alipostaafu mwaka 1961.

Utafiti juu ya kamongo

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Smith alisafiri hadi eneo la Ziwa Viktoria kumtafuta kamongo (Protopterus aethiopicus), anayeitwa pia kambare-mamba. Maji yanapokauka, samaki huyu hujichimbia matopeni, hujifunika kwa ute unaokauka kama ngozi, na kupumua kwa mapafu mpaka mvua zirudi. Wakati huo figo zake karibu zisimame. Badala ya kutoa amonia, ambayo ni sumu, mwili hutengeneza urea na kuilimbikiza.

Kutokana na kamongo na samaki wengine, Smith aliona kwamba kazi ya figo si kutoa uchafu tu. Ndizo zinazolinda kiasi cha maji na chumvi mwilini. Mwaka 1932 alitoa riwaya yenye jina la samaki huyo, Kamongo, ambamo mwanasayansi na padri wanazungumza melini juu ya maana ya uhai.

Kupima figo

Damu huchujwa kwanza katika glomeruli, yaani vifundo vya mishipa midogo sana ya damu. Maji yaliyochujwa hupita katika mirija midogo, ambayo hurudisha sehemu kubwa kwenye damu. Ili kujua kiasi kinachochujwa, ilihitajika dutu inayochujwa bila kurudishwa wala kuongezwa na mirija. Katika miaka ya 1930 Smith na mwanafunzi wake James Shannon walitumia inulini, aina ya wanga wa mimea. A. N. Richards wa Philadelphia alifikia wazo hilohilo wakati mmoja nao.

Vipimo vilionyesha kwamba figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban mililita 125 kwa dakika, yaani lita 180 kwa siku, ilhali mkojo huwa lita moja au mbili tu. Mtu anayelima juani katika sehemu kavu za Handeni, au anayekata mkonge Korogwe, hupoteza maji mengi kwa jasho. Mkojo wake hupungua na kukolea rangi, kwa kuwa mirija ya figo imerudisha karibu maji yote yaliyochujwa.

Mjadala wa kitanzi cha Henle

Mwaka 1951 watafiti wa Uswisi walieleza kwamba mkojo hukolezwa na kitanzi cha Henle, sehemu ya mrija iliyopinda, ambamo mikondo miwili hupita kinyume. Smith alilipinga wazo hilo kwa miaka kadhaa. Ushahidi ulipoongezeka alibadili msimamo, na mwaka 1959 aliandika makala ya kulikubali.

Swali lililobaki ni jinsi kitanzi hicho kinavyosafirisha chumvi. Leo inajulikana kwamba seli za sehemu yake nene huvuta sodiamu, potasiamu na kloridi kwa pamoja kutoka kwenye mrija. Kisha kloridi hutoka upande wa damu kupitia vijia vya protini viitwavyo ClC-K. Vijia hivyo huhitaji protini msaidizi, barttini, na hufunguka zaidi au kidogo kulingana na kalsiamu na kiwango cha asidi. Homoni ya vasopressini huongeza usafirishaji wa chumvi katika sehemu hiyo.

Vijia hivyo vikiwa na kasoro ya kurithi, mtu hupoteza chumvi nyingi katika mkojo na potasiamu katika damu hushuka. Kasoro ya barttini huleta pia uziwi, kwa kuwa sikio la ndani hutumia vijia hivyohivyo. Ugonjwa huo huitwa kwa jina la Frederic Bartter, aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1962, mwaka aliofariki Smith.

Maandishi na urithi

Kitabu chake kikubwa juu ya figo, kilichotolewa mwaka 1951, kilikuwa rejea ya madaktari kwa muda mrefu. Mwaka 1953 alitoa From Fish to Philosopher, kinachosimulia historia ya figo tangu samaki wa kale. Humo alidai kwamba glomeruli zilitokea kwa ajili ya kutoa maji ya ziada katika mito na maziwa. Dai hilo limepingwa baadaye, kwa kuwa wanyama wa kwanza wenye uti wa mgongo huenda walitokea baharini.

Jumuiya ya Nefrolojia ya Marekani hutoa tuzo yenye jina lake kwa watafiti wa figo.