Ira Sankey: Mwanakwaya Aliyeambiwa Aache Kazi ya Serikali

Kamati ya Jubilii ilipokaa kupanga kitabu hiki tulikubaliana kwamba kisijae picha na salamu za viongozi peke yake. Kila Jumapili tunaimba tenzi, na wengi wetu hatujui zilipita mikononi mwa nani hadi zikatufikia. Kwa hiyo tumechagua maisha ya mtu mmoja, Ira David Sankey wa Marekani, ambaye alikuwa mwanakwaya kama sisi kabla jina lake halijavuka bahari.

Tulikuwa na sababu nyingine pia. Katika miaka hii 25 hakuna ombi lililoletwa kwenye kikao chetu cha maombi mara nyingi kuliko hili: nitajuaje kama ni Mungu anayeniita, au ni matamanio yangu tu? Limeletwa na waliopata uhamisho wa kazi, na dada zetu waliokuwa wakingojewa jibu la posa, na ndugu waliotaka kuacha mshahara waende chuo cha Biblia. Sankey aliishi na swali hilo kwa miezi sita.

Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1840 katika kijiji cha Edinburg, jimbo la Pennsylvania. Baba yake alikuwa mtu wa kuheshimika, mwenye kushughulika na benki, na aliwahi kuketi katika seneti ya jimbo. Ira alimpokea Yesu akiwa kijana wa miaka kama 16. Mwaka 1857 familia ilihamia mji wa New Castle, na huko, katika kanisa la Methodisti, akawa kiongozi wa kwaya na msimamizi wa Shule ya Jumapili. Kama kiongozi alishikilia jambo moja sana: maneno ya wimbo yasikike. Walimu wetu wa kwaya watafurahi kusoma hili, maana ndiyo vita vyao na sisi kila mazoezi. Kanisa lile lilikuwa halijazoea ala za muziki, na kinanda kilipoingizwa wapo waliochukizwa. Wanaokumbuka mjadala uliokuwako kinanda chetu cha kwanza kilipoletwa wataelewa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 alijiunga na jeshi, na kambini akakusanya askari wenzake wakawa wanaimba pamoja. Aliporudi alifanya kazi na baba yake katika idara ya serikali ya kukusanya kodi. Mwaka 1863 alimwoa Fanny Edwards, mwimbaji wa kwaya yake mwenyewe. (Vijana wetu ambao hawajaoa wanaombwa kusoma sentensi hiyo mara mbili.)

Tuangalie basi hali yake alipofikisha miaka 30. Ana mke na watoto, ana ajira ya serikali, anaheshimiwa mjini, anaongoza kwaya na pia tawi la YMCA, chama cha vijana wa Kikristo. Mara nyingi ushuhuda tunaousikia kanisani huanza na shida: mtu alikuwa mgonjwa, au alifukuzwa kazi, ndipo akamsikia Mungu. Sankey hakuwa na shida yoyote. Mtu ambaye hakuna kinachomsukuma hupata taabu zaidi kujua kama anaitwa, kwa sababu alipo sasa pia anamtumikia Mungu.

Mwaka 1870 YMCA ilifanya mkutano mkuu katika mji wa Indianapolis, na Sankey akaenda kama mjumbe. Mwinjilisti Dwight Moody wa Chicago, aliyekuwa muuza viatu kabla ya kuacha biashara kwa ajili ya Injili, alikuwa akiongoza ibada ya asubuhi na mapema. Uimbaji wa ibada ile ulikuwa umelala kabisa. Mtu mmoja akaomba kwa muda mrefu mno, na mchungaji aliyekaa karibu na Sankey akamhimiza aanzishe wimbo mara tu yule atakaposema amina. Akaanzisha, na ukumbi mzima ukaamka.

Ibada ilipokwisha alipelekwa kwa Moody kusalimiana naye. Moody hakuzunguka. Alimwuliza anatoka wapi, kama ana mke, anafanya kazi gani. Aliposikia ni kazi ya serikali, alimwambia itabidi aiache, kwa maana alikuwa amemtafuta mtu kama yeye kwa miaka minane. Sankey alishangaa asijue la kujibu. Wakaomba pamoja siku hiyo, lakini hakukubali.

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Siku hizi mtu akiitwa mbele na mhubiri mwenye jina na kuambiwa aache kazi, wapo watakaoandika barua ya kujiuzulu usiku uleule, na wapo watakaosema kwamba kusita ni kumpinga Roho. Sankey alimheshimu Moody, lakini hakulifanya neno la Moody kuwa neno la Mungu kabla ya kulipima. Na Moody naye, pamoja na ukali wake wa kuomba, hakumtishia laana.

Kesho yake Moody alimtumia ujumbe wakutane kwenye kona ya barabara fulani saa kumi na mbili jioni. Hakueleza sababu. Sankey akaenda. Moody aliingia katika duka lililokuwa karibu, akaomba sanduku tupu la mbao, akaliweka kando ya barabara, akamwambia Sankey apande aimbe. Wafanyakazi walikuwa wakitoka viwandani wakielekea makwao, na wimbo ukawasimamisha. Moody akapanda sandukuni akahubiri, kisha akawaongoza watu hao wote, Sankey akiimba mbele, hadi kwenye ukumbi wa mkutano. Baadaye ikabidi wautoe ukumbi, kwa sababu wajumbe wenyewe walikuwa wanataka kuanza kikao chao.

Jambo dogo Sankey alilitii siku ileile: panda sanduku, imba. Jambo kubwa alilichukulia muda. Alirudi New Castle na kumweleza mkewe, akaendelea na kazi yake ya kodi na kwaya yake, huku akiomba na kufikiri. Moody aliendelea kumsihi. Miezi sita ikapita. Hakuweka ngozi ya kondoo uwanjani kama Gideoni, wala hatusomi kwamba aliota ndoto. Mwishowe alikubali kwenda Chicago kwa juma moja tu, aone kazi yenyewe. Mapema mwaka 1871 alitumia siku hizo kuzunguka na Moody, wakitembelea wagonjwa, wakiimba na kuomba katika nyumba za watu wa hali ya chini. Juma halijaisha, alikuwa ameandika barua ya kuacha kazi.

Sisi tunaona hekima kubwa katika juma lile. Wengi wetu tunapoomba juu ya uamuzi tunafunga macho na kungoja amani moyoni, na tukiipata tunasema tumejibiwa. Sankey aliomba, lakini pia alikwenda akaona kwa macho. Ukiwa nyumbani Pennsylvania unaweza kuupenda au kuuogopa utumishi unaouwazia tu. Chicago alikutana na wagonjwa wenyewe, na alipowaimbia alijua.

Na kama alidhani kwamba ukishatii njia hunyooka, hakukaa muda mrefu na wazo hilo. Jumapili ya tarehe 8 Oktoba 1871, Sankey alikuwa akiimba kumalizia mkutano wa Moody katika ukumbi wa Farwell, kengele za moto zikaanza kulia mjini hadi zikaizidi sauti yake. Huo ndio ulikuwa moto mkuu wa Chicago. Ukumbi uliteketea, na nyumba ya Moody pamoja na kanisa lake vikateketea pia. Sankey alikimbilia ziwani na vitu vyake vichache, akautazama mji ukiungua akiwa majini. Kisha akarudi kwao.

Hajamaliza hata mwaka tangu aache mshahara! Sijui wangapi kati yetu wasingesema kwamba moto huo ndio jibu la Mungu, kwamba tulikosea, turudi ofisini. Lakini Moody alipomwita tena, baada ya jengo la mbao kusimamishwa kwa haraka, Sankey alikwenda. Wakawa wanalala humohumo ndani ya jengo la ibada.

Mwaka 1873 wote wawili walivuka bahari kwenda Uingereza na wake zao, kwa mwaliko wa marafiki waliokuwa wameahidi kuwapokea na kuwategemeza. Walipotia nanga Liverpool mwezi wa Juni waliambiwa kwamba wawili kati ya waliowaalika, mchungaji Pennefather wa London na bwana Bainbridge wa Newcastle, wamekwisha kufariki. Hakuna aliyekuwa akiwangoja. Kilichobaki ni mawasiliano na katibu wa YMCA katika mji wa York, ambaye naye hakuwa ameandaa lolote. Wakaenda York. Katika ibada ya kwanza hawakufika watu 50, na hao wachache walikaa mbali na jukwaa.

Tumezoea kusema mlango umefungwa, Mungu amekataa, wakati mwingine kabla hatujagonga mara ya pili. Ni kweli Paulo alizuiwa kuingia Asia, na akatii, kwa hiyo si kila mlango unapaswa kusukumwa. Lakini Paulo alizuiwa akiwa njiani, hakurudi nyumbani, na akaonyeshwa Makedonia. York ilikuwa Makedonia ndogo sana kwa Moody na Sankey. Kutoka hapo walikwenda Sunderland, Newcastle, kisha Edinburgh mwezi wa Novemba, na huko kumbi zikafurika. Waskoti wengi wa wakati ule waliimba Zaburi tu kanisani, na mtu anayeimba peke yake na kinanda kidogo mbele yake aliwatia wasiwasi. Walipomsikia, wasiwasi huo ulipungua.

Mwaka 1874, akiwa kwenye treni kutoka Glasgow kwenda Edinburgh, Sankey alinunua gazeti ili apate habari za nyumbani Marekani. Akakuta humo shairi la kondoo tisini na tisa, la Elizabeth Clephane, dada wa Uskoti aliyefariki mwaka 1869. Akalikata na kuliweka. Siku chache baadaye Moody alihubiri juu ya Mchungaji Mwema, akamgeukia Sankey amalizie kwa wimbo unaofaa. Hakuwa nao. Akaweka kipande kile cha gazeti juu ya kinanda, akabonyeza sauti za kwanza, na akaitunga tuni huku akiimba, noti kwa noti. Kisha ilimbidi akumbuke ubeti wa kwanza alivyouimba ili wa pili ufanane nao. Waliowahi kusahau tuni katikati ya ubeti wanajua alikuwa katika hali gani.

Kitabu chake cha nyimbo kilianza mwaka 1873 kama kijitabu cha kurasa 16, kwa dhamana ya Moody mwenyewe, kikakua hadi nyimbo 1,200. Mapato yake hawakuyachukua. Sehemu yake ilimalizia ujenzi wa kanisa la Moody lililoungua Chicago. Nyimbo za namna hiyo zilienea duniani pamoja na wamisionari, na nyingi ziko katika Tenzi za Rohoni tunazozishika kila juma, zikiwemo za Fanny Crosby, mtunzi kipofu aliyekuwa rafiki wa Sankey.

Moody alifariki Desemba 1899. Sankey aliandika kumbukumbu za maisha yake na za nyimbo alizoimba, lakini mwaka 1902 mswada wote uliungua pamoja na nyumba ya matibabu alimokuwa. Akaanza upya kwa kumbukumbu, macho yakiwa yanafifia. Mwaka 1903 alikuwa haoni kabisa. Kitabu kilitoka hata hivyo. Alikaa miaka yake ya mwisho nyumbani Brooklyn na kinanda chake, akiimba gizani, hadi tarehe 13 Agosti 1908.

Wimbo wa kondoo tisini na tisa uko nambari 9 katika ratiba ya leo. Tutauimba sauti nne bila kinanda katika ubeti wa kwanza, na wageni wetu wanakaribishwa kujiunga kuanzia ubeti wa pili.