Udongo Haudanganyi: Stori ya Georg Popp, Msee Aliyesoma Viatu vya Wauaji

Hebu cheki viatu vyako sai. Kama jana ulikuwa Kiambu na mvua ikanyesha, kuna udongo mwekundu umejificha kwa soli. Kama ulipitia Athi River, basi ni ule mweusi wa kunata, ule unatoa na kijiti na bado unabaki. Mathe unaweza kumshow ulikuwa kwa beshte yako mtaani, lakini soli inajua ulikotoka.

Sasa kuna Mjerumani mmoja aliyeshika hii siri zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jina lake ni Georg Popp, aliyezaliwa 1861. Hakuwa karao. Alikuwa mkemia tu, mwenye maabara yake mjini Frankfurt, anapima vitu kama vyakula na tumbaku.

Wazo lenyewe lilikuwa tayari kwa vitabu. Mwaka wa 1893, Hans Gross, hakimu mpelelezi wa Austria, alikuwa ameandika kwamba matope ya kiatu yanaweza kukuambia mtu ametoka wapi kuliko kuulizana maswali siku nzima. Kilichokosekana ni mtu wa kuthibitisha hivyo kwa kesi ya ukweli.

Kesi ikakuja Oktoba 1904. Dem mmoja, fundi wa kushona nguo, alipatikana kwa shamba la maharagwe akiwa amenyongwa na skafu yake mwenyewe. Hakuna shahidi. Kitu pekee kilichoachwa hapo ni leso chafu, imejaa kamasi.

Wewe ungeishika? Popp aliiweka chini ya hadubini. Akapata chembe za makaa ya mawe, ugoro, na punje za madini, hasa moja inayoitwa honiblendi. Polisi walikuwa wanamshuku jamaa fulani aliyefanya kazi kwa kiwanda cha gesi kinachochoma makaa, na pia kwa machimbo ya changarawe. Popp akakwangua kucha zake: makaa yapo, honiblendi ipo.

Halafu akaangalia longi ya huyo jamaa. Udongo wa chini, ule uliogusa kitambaa, ulifanana na wa mahali mwili ulipatikana. Udongo wa juu ulikuwa na maika iliyosagika, kama ule wa njia ya kutoka hapo hadi kwake nyumbani. Yaani longi ilikuwa imerekodi safari yote, kama vile simu yako inarekodi lokesheni. Alipoonyeshwa huo ushahidi, jamaa akakubali makosa.

Miaka 4 baadaye, 1908, mwanamke mwingine aliuawa huko Bavaria. Mshukiwa alikuwa mkulima na mfanyakazi wa kiwanda, na aliapa siku hiyo alikuwa kwa mashamba yake. Bibi yake akasema viatu vyake alivisafisha usiku wa kuamkia siku hiyo. Kumbe hapo ndipo ngori ilianzia. Kama viatu vilikuwa safi, basi kila kitu kilichokuwa kwa soli kiliingia siku ya mauaji.

Popp akabandua uchafu polepole, tabaka kwa tabaka. Kwanza, kinyesi cha bata bukini, kama kile cha nje ya nyumba yake. Pili, nyasi na udongo mwekundu kama wa mahali mwili ulipatikana. Tatu, makaa, vumbi la matofali na simiti, kama ya magofu ya ngome ambapo bunduki yake na nguo zake zilipatikana zimefichwa. Na udongo wa yale mashamba aliyoapa alikuwa? Hata chembe moja haikuwepo. Alipatikana na hatia.

Hii njia inakata pande zote mbili, usisahau. Vile udongo unaweza kukuweka mahali, ndivyo unaweza kuonyesha hukuwahi kufika hapo, hata kama mtaa mzima unakunyooshea kidole.

Popp alikufa 1943, lakini kazi yake bado inafanywa kwa maabara za uchunguzi duniani. Na fikiria hivi: hao wanawake wawili waliuawa bila mtu kuona. Bila mkemia mwenye subira ya kuchungulia kamasi na matope, kuna uwezekano waliowaua wangerudi nyumbani, wapanguse viatu, na maisha yaendelee.

Sasa cheki soli yako tena. Imekuandikia nini leo?