Simon Kimbangu mbele ya tribinali

Wengi wetu tunajua jina la Simon Kimbangu kwa ajili ya kanisa. Leo tuangalie kesi yake.

Alizaliwa Nkamba, kule Bas-Congo, mwaka 1887. Mwezi wa nne 1921 alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa, watu wakaacha kazi za wazungu wakamfuata. Serikali ya Wabelgiji iliogopa, ikaweka eneo lile chini ya utawala wa kijeshi. Kwa hiyo alipojitoa mwenyewe, mwezi wa tisa, alipelekwa mbele ya tribinali ya kijeshi ya Thysville. Raia wa kawaida, hata si askari! Na avoka hakupewa. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa fimbo 120, kisha kifo. Mfalme Albert wa Kwanza ndiye aligeuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Akafungwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mbali sana na kwao, mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30 ya gereza.

Wafuasi wake wengi hata kesi hawakuona. Karatasi moja ya serikali ilitosha kuhamisha familia nzima mpaka jimbo lingine. Sisi tuliorudi tunaelewa hiyo vizuri.

Mwaka 1960 mabaki yake yalirudishwa Nkamba. Lakini hukumu yenyewe ilibaki mpaka 2011, ndipo Mahakama Kuu ya Kijeshi, Kinshasa, iliifuta.