Habari za Sechele, Mfalme wa Wakwena

Barabara kuu ipitayo Vwawa na Tunduma haikomi mpakani. Huingia Zambia, na msafiri azidiye kwenda kusini hufika Kazungula, avukapo mto Zambezi na kuikanyaga nchi ya Botswana. Madereva wengi waijua safari hiyo, na wake zao waujua urefu wake kwa kuhesabu siku za kungoja. Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za mtu wa nchi hiyo, jina lake Sechele, mfalme wa kabila la Wakwena, aliyezaliwa yapata mwaka 1810 akafa mwaka 1892. Mwalimu wake twamjua, ndiye Daktari David Livingstone, aliyekutana na Stanley huko Ujiji mwaka 1871. Mwanafunzi mwenyewe hatumjui sana, naye ana neno la kutufundisha sisi tulioahidi mbele ya Mungu kushikamana na mwenzi mmoja.

Baba yake Sechele, jina lake Motswasele, alikuwa mfalme kabla yake, na jambo lililomwangamiza lilikuwa tamaa. Aliwatwaa wake za wakuu waliokuwa chini yake, akidhani kwamba hakuna awezaye kumzuia mfalme. Wakuu wakachoka, wakamwua, yapata mwaka 1821. Sechele alikuwa mtoto bado. Miaka ikapita, hata rafiki za nyumba yake wakamwomba Sebituane, mfalme wa Wakololo, awasaidie. Sebituane akauzunguka mji usiku, akawashinda walioushika utawala, na Sechele akaketi katika kiti cha baba yake. Basi tangu utoto wake alijua ya kuwa tamaa ya mtu mmoja yaweza kuibomoa nyumba nzima.

Alipokwisha kutawala alioa binti za wakuu watatu waliosimama upande wake siku za taabu. Ndivyo ilivyokuwa desturi, ili undugu uwe imara. Wake zake wote walikuwa watano. Ndoa hizo zilikuwa za heshima, nazo zilikuwa shukrani kwa wakwe waliomwokoa.

Livingstone alipokuja kuwafundisha Wakwena, Sechele alimwuliza kwa nini wazee wa Wazungu, kama walijua habari za hukumu ya Mungu, hawakuja kuwaambia wazee wake mapema. Swali hilo lilikuwa gumu kulijibu. Lakini mfalme hakubaki katika kuuliza tu. Siku ya kwanza Livingstone alipofanya makao yake Chonuane, Sechele alijifunza herufi zote. Akaendelea kusoma kwa bidii, hata akaacha kuwinda, na mwili wake uliokuwa mwembamba ukanenepa. Kitabu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kile cha nabii Isaya. Mwaka 1847 Wakwena walihamia Kolobeng, na huko mfalme alijenga shule kwa gharama yake mwenyewe.

Jambo moja lilimzuia kuomba ubatizo, nalo ni wake zake. Alijua ya kuwa Mkristo apaswa kuwa na mke mmoja, lakini aliona ya kuwa akiwarudisha wale wengine ataonekana mtu asiye na shukrani mbele ya baba zao. Alisikitika kwamba mwalimu hakufika kabla yeye hajaingia katika mambo hayo. Livingstone naye hakumharakisha, kwa maana aliwahurumia wale wanawake, ambao walikuwa miongoni mwa wanafunzi wake hodari kuliko wote.

Mwisho Sechele akakata shauri. Akampa kila mmoja wa wale wake nguo mpya, pamoja na vitu vyake mfalme vilivyokuwa vikitunzwa katika nyumba zao, akawarudisha kwa wazazi wao. Akawapelekea wazazi habari kwamba haoni kosa lolote kwa binti zao, ila yeye ataka kuyafuata mapenzi ya Mungu. Tarehe 1 Oktoba 1848 alibatizwa. Watu wengi walikuja kutazama, na wazee walilia machozi wakidhani mfalme wao amepotea. Wakwe wakawa adui zake. Mvua nayo ilikataa kunyesha, na watu wakasema ni kwa sababu ya dini mpya, kwa kuwa hapo kwanza mfalme alisifiwa kuwa mganga wa mvua.

Wengine wangependa hadithi iishie hapa, lakini haikuishia hapa. Mwaka 1849 ilijulikana ya kuwa mmojawapo wa wale wake walioachwa ana mimba, na mimba ni ya mfalme. Mwanamke huyo alikuwa angali karibu. Tusiwe wepesi kumhukumu yeye: kwa miaka mingi alikuwa mke halali kwa desturi ya nchi, akaachwa pasipo kosa. Aliyekuwa ameahidi ni Sechele, naye ndiye aliyeivunja ahadi.

Hapo twaona jambo linalotupata sisi sote. Sechele aliweza kufanya lililo gumu mbele ya macho ya watu. Alivumilia hasira ya wakwe, machozi ya wazee na ukame wa mbingu. Lakini mahali pa siri, pasipo mtu wa kumtazama, mguu wake uliteleza. Alikuwa amefunga milango mingi, akaacha mmoja haukufungwa vema. Mfalme Daudi naye alishinda vita vikubwa, akashindwa jioni moja alipokuwa akitembea juu ya dari la nyumba yake. Yusufu, aliyekuwa mtumwa tu, hakukaa kushindana kwa maneno na mke wa Potifa: aliacha vazi lake akakimbia. Na katika Mithali baba amshauri mwanawe asiupitie hata mlango wa nyumba ya majaribu. Hekima hiyo haimdharau mtu. Yamjua alivyo, ya kuwa nguvu zake zikikaribiana mno na tamaa huyeyuka kama samli karibu na moto.

Sechele alipoulizwa hakuficha. Aliungama, akamsihi mwalimu wake asimwache. Livingstone alihuzunika sana, akamtenga asishiriki Meza ya Bwana. Mwaka 1852 mwalimu aliiacha kabisa nchi ile, akaenda zake kaskazini. Mtu angedhani kwamba imani ya mfalme imekwisha. Mwaka huohuo Makaburu wakawapiga Wakwena huko Dimawe, wakachukua wanawake na watoto wengi mateka. Sechele akasafiri mpaka Cape Town, akitaka kuvuka bahari ampelekee Malkia Victoria mashtaka yake. Lakini fedha ilimwishia, akarudi.

Aliporudi, hakukuwa na mwalimu. Ndipo yeye mwenyewe, mtu aliyetengwa, akawakusanya watu wake siku ya Bwana, akawasomea Neno, akawafundisha watoto kusoma. Kisha akaomba apewe walimu wengine, na mwaka 1857 walifika kwake Walutheri wa misioni ya Hermannsburg kutoka Ujerumani. Mtu huyu hakuwa mkamilifu. Wamisionari waliofuata walibishana naye mara nyingi juu ya mila za mvua. Lakini hakuacha kusoma wala kufundisha, hata alipokufa Molepolole akiwa mzee, mwaka 1892.

Swali la ndoa lililomsumbua Sechele lilifika hata kwetu. Wamoravian walipofungua kituo cha Mbozi mwaka 1899, mmisionari Traugott Bachmann alikutana na Wanyiha wenye wake wengi waliotaka kubatizwa. Baada ya miaka ya kuyachunguza maisha yao, aliona kwamba kumlazimisha mume kuwafukuza wanawake aliowaahidi malezi ni kuzaa udhalimu mwingine, akakubali watu hao wabatizwe pamoja na nyumba zao. Makanisa hayakujibu sawasawa. Lakini Livingstone na Bachmann wote wawili waliona ya kuwa uaminifu si jambo la mume peke yake, kwa kuwa kila ahadi ivunjwayo kuna mwanamke na watoto wanaoumia.

Ndugu mume, ndugu mke, uliye mbali na nyumba yako kwa kazi, au unayeishi Tunduma penye wageni wengi na nyumba nyingi za kulala: ufikirie mlango ambao hujaufunga vema, ukaufunge leo, ungali na nguvu. Na wewe mwalimu wa kanisa, uletewapo habari za ndugu aliyeanguka, usiifiche dhambi yake, wala usimfukuze kama mtu aliyekwisha kufa. Atengwe kwa kadiri ya utaratibu, atembelewe, aombewe, angojewe. Kwa maana Livingstone alipoondoka alimhesabu Sechele kuwa mtu aliyeshindwa, na kumbe Mungu alikuwa hajamaliza kazi yake naye.